Kunde za Shingoni

Watu wa Rumonge walimpenda Alimasi kwa sababu mbili. Mawese yake hayakuwa na maji ndani, na hadithi ikimalizika, yeye ndiye aliyejua ilikuwa inasema nini. Kusimulia aliwaachia wenye sauti. Kazi yake ilikuwa kufungua. Mtu akisimulia kwamba fisi alikuwa na tumbo lenye mlango mbele na mlango nyuma, wengine wanamcheka fisi. Alimasi anangoja wamalize kucheka, anakohoa kidogo kama kadhi, halafu anasema, "Huyo si fisi. Huyo ni mutu asiyeweka siri. Ukimulisha neno asubuhi, saa sita liko sokoni." Hapo macho yote yanamgeukia jirani fulani, na jirani fulani anaanza kutafuta fimbo yake aende zake.

"Neno la hadithi ni samaki mukeke," alikuwa anapenda kusema. "Nyama iko, na miiba iko. Mujinga anameza vyote."

Zilikuwa siku za Wadachi. Bendera yao ilikuwa Usumbura, na askari wao walishuka pwani ya ziwa kila walipokumbuka kwamba kuna watu. Malale ilikuwa imekwisha kuvuka maji, lakini Rumonge walikuwa bado wanaiita ugonjwa wa ng'ambo, kama vile ziwa lina mlango na bawabu. Walichokijua kilikuwa kidogo: kwamba inaletwa na mbung'o wa vichakani, kwamba mgonjwa wake mwisho anasinzia mpaka anaangukia moto, na kwamba bwana daktari alikuwa amefungua kambi huko kaskazini, na sindano yake. Aliyefikishwa mapema aliweza kurudi kwake na miguu yake miwili. Aliyechelewa, sindano ilikuta mwenye nyumba ameshahama.

Mwamini, bibi yake Alimasi, hakuwa msimulizi. Alikuwa mwitikiaji. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuja kwa wakati wake, kama maji ya mtungi uliotobolewa vizuri. Kwa hiyo siku ile uani, mwisho wa kiangazi, aliposema neno lake, hata michi ya kinuni ilisimama kidogo. Wanawake walikuwa wanachambua chikichi, Alimasi na jirani yake Bakari wanatwanga, na Bi Asiya, mama yake Alimasi, anachunga moto wa sufuria kubwa.

"Leo natupa wavu," akasema Mwamini.

Pale ziwani mwenye hadithi anatupa wavu, na wasikilizaji wanamwambia avute. Kila kipande akikisema wanamwambia, "Vuta." Wasiposema, hana ruhusa ya kuendelea, wavu unabaki majini na kilichomo ndani yake. Ndiyo adabu. Lakini adabu hiyo ni ya jioni. Mchana hadithi haisimuliwi. Kila mtoto anajua kwamba mtu akisimulia mchana anaota mkia.

"Mchana huu?" Bakari akashangaa. "Shemeji, mukia huo!"

"Muache aote," akasema Alimasi. "Nitanunua kaniki mpya, niitoboe tundu nyuma. Vuta, Mwamini!"

Wakacheka. Mwamini hakucheka, lakini alinyoosha mgongo, akayafumba macho na kuyafumbua kwa nguvu kama mtu anayetoka majini.

"Kulikuwa na mwanamuke," akasema. "Nyuma ya shingo yake kumeota kunde."

"Vuta!"

"Hakuzipanda. Zilikuja zenyewe. Kila akizigusa, zimekua."

"Vuta!"

"Ndani ya kichwa chake mutu aliwasha jiko. Moto anauona, anayechochea hamuoni."

"Vuta, vuta!"

"Halafu akaja muposaji. Alikuja mchana, hakupiga hodi. Mikono yake mizito kama mchanga uliolowa, lakini mupole, mupole sana. Alimufunika macho kwa nyuma, kama rafiki anayecheza. Usiku alimukimbia. Usiku yule mwanamuke alizunguka nyumba kama mutu aliyeangusha sindano."

"Ee-he!" akasema Bakari, na sauti ya wanawake ikapanda. "Vuta, shemeji, imenogea!"

Mwamini hakumtazama Bakari. Alikuwa anamtazama bwana yake.

"Yule mwanamuke akamuendea bwana wa nyumba. Akamuuliza: Bwana, muposaji huyu akija na mahari yake kamili, utanitoa?"

Alikuwa anangoja neno moja tu, na wa kulisema alikuwa mmoja. Alimasi alikuwa ameshika mchi, jasho linamtiririka, na uani kila uso ulikuwa umemgeukia, kwa sababu watu walishazoea: hadithi ikifika mahali penye fundo, Alimasi anafungua. Nyuso kumi zinazongoja kucheka ni pombe kali kuliko ile ya ndizi.

"Atamutoa!" akasema Alimasi. "Atamutoa na mukungu wa ndizi juu, na mbuzi wa kumusindikiza!"

Ua ukapasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja aliangusha ungo. Alimasi akangoja, akakohoa kama kadhi.

"Sikieni sasa. Kunde za shingoni ni maneno ya watu. Mwanamuke amebeba masengenyo mpaka yameota majani. Jiko la kichwani ni tamaa. Na mwanamuke wa mchana hivi, katika hadithi zote za wazee wetu, iko namna mbili tu: ama ni muvivu, ama iko na mutu. Huyu hakutusumbua hata kutafuta. Mutu wake amemutaja mwenyewe!"

"Haijaisha," akasema Mwamini, kwa sauti yake ile ndogo.

"Itaishaje, shemeji, na sisi tumeshaila?" akasema Bakari.

Hakuna aliyesema vuta. Mwamini akainama kwenye chikichi zake. Baada ya muda vidole vyake vikapungua mwendo, vikasimama, na kichwa kikashuka, na kikonyo cha chikichi kikabaki mapajani kama mtoto aliyesahauliwa. Mtu mmoja tu hakuwa amecheka tangu mwanzo. Bi Asiya alikuwa anachomoa mwiba kidoleni, anamtazama mkwe wake kama anayepima kitambaa.

"Muone," akamwambia mwanawe taratibu. "Hadithi yake anaivaa mchana kweupe."

Neno likiingia kwa mama mkwe, halitoki kwa mlango liliouingilia. Kuanzia siku ile Bi Asiya alilala na sikio moja wazi. Asubuhi alikuwa na habari. "Mwanangu, muke wako alitembea." "Mwanangu, alifungua mlango." Na kweli, Alimasi mwenyewe alikuwa anasikia. Mkeka unakwaruza, nyayo zinakwenda mpaka mlangoni, zinarudi, zinakwenda. Alimwona akishika kichwa, akamsikia akiguna. Angeweza kuuliza, "Una nini?" Maneno mawili, mtoto anaweza. Lakini mtu aliyezoea kufungua mafumbo ya mji mzima anaona haya kuuliza nyumbani kwake. Basi aliuliza kwa njia anayoijua.

"Haya, yule muposaji wako amefika wapi?"

Mwamini akakunja mkeka wake. "Iko karibu, bwana."

Alimasi akacheka, akachukua mchi wake. Akaenda kazini.

Halafu ikaja siku ya sufuria. Mwamini aliachiwa mawese jikoni, akasinzia, mawese yakapanda, moto ukayapata. Moshi mweusi ulisimama juu ya ua mpaka wavuvi majini walidhani nyumba inaungua. Alimasi alimkuta amekaa hatua moja kutoka kwenye ule moto, kidevu kifuani, ncha ya kitenge imeanza kukunjamana kwa joto. Alimvuta kwa mkono. Ungemuuliza leo, angekuambia kwamba kitu cha kwanza kilikuwa hofu. Lakini mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, na majirani wameshajaa, na hofu ya mwanaume mbele ya watu inatoka na nguo za hasira.

"Asiyelala usiku," akasema Bi Asiya, "lazima alale mchana."

"Nenda Minago kwa ndugu yako," akasema Alimasi. "Nenda ukapumzike. Na huyo wako ajue pa kukufuata."

Mwamini hakubisha. Alifunga kifurushi chake taratibu, vidole vyake vinashindana na fundo. Mlangoni akageuka.

"Bwana, ulisema utatoa," akasema. "Mimi nilidhani ni mchezo."

Alimasi alidhani anamkejeli. Alimtuma Bakari ampeleke na mtumbwi wake, na yeye hakushuka mpaka ufukweni. Alibaki anasugua sufuria iliyoungua, sufuria isiyotakata tena hata ungeisugua mpaka kiama.

Mvua zikaja. Watu walileta hadithi, Alimasi akafungua, watu wakacheka, na kila mara kulikuwa na mahali fulani pa kuitikia palipobaki pamepwaya. Bi Asiya alianza kutaja mabinti wa Kabonga. "Wanaamka mapema, wale," alisema. Alimasi akamjibu kwamba hata kuku wanaamka mapema.

Siku moja askari wakashuka na msaidizi wa daktari, mtu wa pwani ya mbali, tarabushi nyekundu kichwani na sura ya mtu aliyechoka na watu wasiosikia. Mji ukapangwa mstari pale samaki wanapouzwa. Msaidizi alikuwa anapita nyuma ya kila mtu, anabonyeza shingo kwa vidole viwili, halafu anakwenda kwa mwingine.

"Ndugu, kama unatafuta chawa," Bakari akamwambia, "panda juu kidogo. Huko iko kijiji kizima."

Mstari ukacheka. Msaidizi hakucheka.

"Natafuta vivimbe. Malale inaanzia hapa. Viko chini ya ngozi, nyuma ya shingo, vidogo hivi, kama kunde."

Alimasi alikuwa anafuata baada ya Bakari. Vidole vya yule mtu vilikuwa vimeshafika shingoni kwake.

"Kama nini?"

"Kunde. Vikiwa bado vidogo, mtu tunamuwahi. Halafu kichwa kinamuwaka moto. Halafu anaanza kusinzia mchana, na usiku usingizi hana, anazunguka tu. Nyumbani wanasema mvivu." Akabonyeza kushoto, akabonyeza kulia. "Wewe huna kitu. Nenda."

Alimasi hakwenda. Mtu wa nyuma yake alimsukuma, akasogea kama gunia. Hadithi ilikuwa inarudi kwake yenyewe, kipande kwa kipande, na hakuna kilichohitaji kufunguliwa. Kunde zilikuwa kunde. Jiko lilikuwa kichwa kinachouma, na asiyeonekana anachochea alikuwa ugonjwa. Mposaji mwenye mikono mizito, anayekuja mchana na kukimbia usiku, hakuwa mwanaume wa mtu yeyote, alikuwa usingizi. Hata mchana wenyewe aliouchagua ulikuwa neno. Mwamini alikuwa amesimulia saa ile ili asisinzie, kama mtu anavyopiga kasia ili asizame. Na bwana wa nyumba aliyeulizwa swali alikuwa amesimama palepale na mchi mkononi. Alimasi alikuwa amemtafuta mwanamke yule katika hadithi za wazee, na mwanamke alikuwa amekaa mbele yake, na chikichi mapajani. Alikuwa ametupa nyama, akameza miiba, akawagawia na wengine.

"Bakari," akasema. "Mutumbwi wako uko wapi?"

"Uko majini. Kuna nini?"

"Minago."

Bakari alimtazama usoni, akachukua kasia.

Abasi, kaka yake Mwamini, alikuwa ufukweni Minago anageuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, kwenye mchanga. Aliwaona tangu mbali. Hakuinuka.

"Amahoro, shemeji," akasema Alimasi.

"Amahoro. Umekuja kuchukua mali yako, ama umekuja kuangalia kama imeoza?"

"Mwamini iko wapi?"

Abasi alimaliza safu ya ndagala aliyokuwa anaigeuza. "Aliangukia moto. Mukono huu wote. Nikambeba mimi na vijana mpaka kambini kwa daktari. Kumbe ulikuwa hujui? Yeye anasema alikuambia. Anasema alikuambia mbele ya watu wote."

"Aliniambia hadithi, shemeji," akasema Alimasi. "Hadithi! Kwa nini hakusema wazi? Mutu anasema: bwana, ninaumwa. Basi."

"Zena alisema wazi," akasema Abasi.

Alimasi alimjua Zena kwa jina tu: dada yao mkubwa, aliyeolewa ng'ambo na kufia huko kabla yeye hajaoa Minago.

"Zena alimuambia bwana yake: ninaumwa, ni ule usingizi. Jioni ile ile wakamujengea kibanda nyuma ya mto, peke yake. Chakula kilimufikia kwa muti mrefu, bakuli limefungwa mwishoni, watu wasimukaribie. Na aliyekuwa anaushika ule muti ni Mwamini. Alikuwa binti mudogo, alipelekwa kumusaidia dada yake kazi." Abasi akainuka, akapangusa magamba mikononi. "Alitaka kwanza ajue kama na wewe utamutoa. Sasa wewe si ndiye mufunguaji wa Rumonge? Fungua hiyo."

Bakari alikuwa anachora mchangani kwa ncha ya kasia. Abasi akamwekea Alimasi ndagala kavu kwenye jani la mgomba, akazifunga. "Mupelekee," akasema. "Kama atakula."

Kambi ilikuwa kwenye mlima uliofyekwa mpaka ukawa kama kichwa kilichonyolewa, vibanda vimepangwa mistari, hakuna kichaka wala kivuli. Msaidizi mwingine alimwonyesha kibanda. Mwamini alikuwa amekaa nje, ameegemea ukuta, mkono una kitambaa, mwili umebaki kidogo sana. Macho yake yalikuwa wazi nusu.

"Mwamini. Ni miye."

"Karibu, bwana," akasema, kwa heshima, kama unavyomwambia mgeni wa jirani aliyekosea nyumba. Akafumba macho.

"Sindano tunampa," akasema msaidizi. "Angefika kiangazi kile..." Alikuwa na mstari mrefu unaomngoja.

Alimasi hakurudi Rumonge. Kinu alimwachia Bakari, na mama yake akamtumia salamu kwamba binti wa Kabonga hatangoja milele. Akajibu: vizuri, asingoje. Kambini walimpa kazi ya kufyeka na kuteka maji. Akimaliza sehemu yake anakuja kukaa kando ya Mwamini, anamfuta udenda kwa ncha ya kitambaa, anamlisha uji kijiko kwa kijiko, anamkumbusha kumeza. Bakuli analishika kwa mkono wake, karibu na kidevu chake.

Halafu anatupa wavu.

Alikuwa anaisimulia ileile, kwa maneno yaleyale aliyoyakumbuka, na alikuwa anayakumbuka yote. "Kulikuwa na mwanamuke. Nyuma ya shingo yake kumeota kunde." Hakukuwa na wa kumwitikia, na adabu hairuhusu msimulizi ajivute mwenyewe. Alijivuta. "Vuta," anasema, anaendelea. Jiko, mposaji, mikono ya mchanga, sindano iliyoanguka usiku. Akifika kwenye swali anasogea karibu na sikio lake. "Bwana, akija na mahari yake kamili, utanitoa?" Na anajibu, "Sikutoi, Mwamini. Sikutoi hata kwa ziwa zima."

Mposaji hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameshaleta mahari, ameshapokelewa, anakaa ndani.

Mara moja tu, katikati ya hadithi, Mwamini alifumbua macho yote mawili.

"Nani anasema?"

"Miye."

"Wewe nani?"

"Alimasi."

"Alimasi wa mawese?"

"Ndiye."

Uso wake ulilainika kidogo, karibu acheke. "Yule anajua hadithi," akasema. Usingizi ukamchukua na neno likiwa bado mdomoni.

Alimasi akakaa. Akapeleka vidole viwili nyuma ya shingo ya Mwamini, kama alivyomwona mtu wa tarabushi. Alibonyeza kushoto, akabonyeza kulia, polepole, mpaka chini. Hakukuwa na kitu. Msaidizi alikuwa amemwambia kwamba ugonjwa ukishapanda kichwani, vivimbe vya shingoni vinanywea. Kunde zilikuwa zimeshavunwa.

Jua lilikuwa limesimama katikati ya mbingu. Alivua shuka lake la begani, akalitundika kwenye fimbo mbili lipate kumkinga Mwamini uso, akakaa upande ule mwingine wa kivuli, kwenye jua.

"Natupa wavu," akasema. "Vuta. Kulikuwa na mwanamuke."

Kwenye kibanda cha pili kulikuwa na bibi mzee, mgonjwa mpya, ulimi bado mwepesi. Alitoa kichwa mlangoni.

"Baba we, hadithi mchana mukali hivi? Utaota mukia!"

"Acha uote, mama," akasema Alimasi, na akaendelea.